Kostiki Ilinichoma Uso, Bwana Akanitoa Mafichoni

Asifiwe Bwana aliyenipa pumzi ya kusimama hapa asubuhi hii! Semeni amina, ndugu zangu, semeni kwa nguvu, maana mimi mwenyewe nikisikia sauti yangu kwenye spika hizi nashangaa. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa rika, habari za nyumbani. Na ninyi watoto mliokaa mbele kwenye mkeka, msiogope. Niangalieni tu mpaka mtosheke, halafu nitaanza.

Haya. Naona mmoja ameshatabasamu. Asante, mwanangu.

Mimi naitwa Martina. Nimezaliwa Tlawi, na wengi wenu mnamfahamu baba yangu, mzee Safari, yule wa vitunguu swaumu. Mimi si mhubiri. Mchungaji ameniomba niseme yaliyonipata kule kiwandani na jinsi Bwana alivyonitoa, nami nitasema kama yalivyokuwa. Jina la kiwanda nitaliacha. Wapo watoto wa watu wanaokula kwa kazi ile mpaka leo, na mimi sikupanda hapa kushtaki.

Mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa yanatoa mbelewele. Nyumbani tulibaki na viazi na maziwa ya ng'ombe mmoja. Mama mdogo wangu ameolewa Basotu, mume wake ni mvuvi pale ziwani, naye akaleta habari kwamba kuna kiwanda bondeni, chini ya mlima Hanang, kinaandika watu, na wanawake wanachukuliwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa. Nikafunga begi langu, baba akaniombea mlangoni, nikashuka.

Kiwanda kile kilichukua magadi ya ziwa jingine la kule bondeni, kikayapika na chokaa kwenye matangi makubwa, ikatoka kostiki. Ninyi akina mama mnaotengeneza sabuni ya kipande mnaijua kostiki. Ikiwa kavu inafanana na chumvi ya mawe. Ikiwa ya maji huwezi kuitofautisha na maji ya kunywa. Lakini inakula, ndugu zangu! Inakula mafuta, inakula nguo, inakula ngozi ya mtu.

Mimi niliwekwa kwenye kujaza mapipa. Unashika mpira mnene unaotoka tangini, unauingiza kwenye tundu la pipa, mwenzako anafungua koki, pipa likijaa anafunga. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Niliifurahia, sitadanganya. Baba alipata mbegu kwa jasho langu. Na nilikuwa nimechumbiwa. Alikuwa anaitwa Emanueli, seremala wa Dongobesh, kijana mpole, wazazi wa pande zote mbili walikuwa wamekutana, tukasubiri tu mavuno yapite. Nikiwa kwenye mapipa nilikuwa naimba. Wenzangu walinizoea, walisema wasiponisikia wanajua naumwa.

Sasa ajali hazikuanza na mimi. Naomba mlielewe hilo. Kulikuwa na dada mmoja ambaye kucha zake tatu zilitoka, kwa sababu glavu zilikuwa zimetoboka vidoleni. Kulikuwa na mzee wa jikoni, yaani kule kwenye matangi ya kupikia, ambaye buti lake lilikuwa na ufa. Alikanyaga yaliyomwagika, kufika jioni anavua soksi, soksi ikatoka na ngozi. Tulikuwa na neno letu, tuliita kulambwa. "Leo nani kalambwa?" Tuliulizana hivyo wakati wa chai, na tulicheka! Mtu alipakwa mafuta ya kupikia akarudi kazini. Miwani ya kujikinga ilikuwepo, lakini chache. Zamu moja ikitoka iliikabidhi nyingine, na ilikuwa imechubuka mpaka ukivaa huoni unachofanya, hivyo wengi tuliibandika kwenye paji la uso kama pambo. Na lile bomba la maji safi karibu na matangi, la kunawia mtu akimwagikiwa, lilikuwa kavu. Pampu ilikuwa imekufa. Tukimuuliza msimamizi alijibu kwamba fundi anakuja. Tukaacha kuuliza, maana kazi zilikuwa za kutafuta, na nje ya geti kila asubuhi walisimama watu wanaozitaka.

Ndugu zangu, binadamu anazoea! Anazoea mpaka anacheka.

Siku yangu ilikuwa siku ya kawaida, tumeshakunywa chai, jua limeshapanda. Nilikuwa nimeinama kwenye pipa. Mwenzangu akafungua koki. Nikasikia mpira umetikisika mkononi kama nyoka aliyekanyagwa, na ile bangili ya chuma inayoubana ikaachia. Maji yale yakanipiga shavu la kushoto, jicho, sikio, shingo na bega.

Mnajua nilihisi nini kwanza? Vuguvugu, na utelezi. Utelezi kama sabuni ya kuogea. Nikawaza, "Mbona si moto sana?" Nikajipangusa kwa kiganja, na kiganja kikateleza kwenye shavu langu mwenyewe. Halafu moto ukaja. Haukutoka nje kama moto wa kuni, ulitokea ndani ya nyama ukaja juu. Nikapiga ukelele ambao mimi mwenyewe sikuutambua.

Nikakimbilia lile bomba. Nilijua ni kavu, lakini nilikimbilia, nikafungua, nikaweka uso chini yake. Halikutoa hata tone.

Nilikuwa sioni. Mtu mmoja akanishika akanielekeza mlangoni, nikakimbia kwenye mwanga, nikijua tu kwamba getini kuna genge la chakula, na penye chakula pana maji.

Genge lile lilikuwa la Mama Zuhura. Amekaa pale karibu na mlango, mwenye mtandio wa kijani. Mama, naomba usimame wakuone! Huyu mama ni Mwislamu, ni wa Katesh, baba yake alikuja na biashara ya nguo zamani wakakaa. Jana alipanda basi kutoka Katesh ili leo asikie mimi nasema. Mpigieni makofi. Kaa, mama, kaa.

Alikuwa anaosha masufuria. Aliponiona hakuuliza kitu. Alinikalisha chini kwenye vumbi, akaniinamisha kichwa upande, akanimwagia maji ya masufuria. Yakaisha. Akachukua maji ya kupikia. Yakaisha. Akaburuta madumu yake yote, yale ya kutumia siku nzima, ambayo yalikuja kwa punda kutoka mbali. Nilikuwa nimefumba macho, maana maumivu yanakuambia ufumbe. Yeye akaingiza vidole vyake kwenye kope zangu akazifungua kwa nguvu.

"Fumbua, mwanangu! Fumbua hata kama linauma!"

"Mama, nakufa!"

"Hufi. Fumbua!"

Vidole vyake vikaungua. Ukimsalimia leo mkono utaviona, vina mabaka meupe. Mimi nilikuwa naita, "Yesu! Yesu!" Yeye alikuwa anaita, "Ya Allah!" na hakuacha kumwaga. Watu wa zamu walitoka wakasimama wakitutazama, na mama huyu akawafokea, "Mnatazama nini? Leteni maji!" Ndipo wakakimbia. Chakula chake chote kiliharibika siku ile, na hakuna aliyekula.

Daktari wa hospitali kubwa ya misheni nilikopelekwa aliniambia baadaye, "Jicho hili la kulia unalo kwa sababu ya mtu aliyekumwagia maji. Angengoja gari, yangekwisha yote mawili." Ndugu zangu, Bwana anapokuokoa hakuulizi utaokolewa na nani!

Nilikaa hospitalini muda mrefu. Walichuna ngozi ya paja wakaipandikiza shavuni na shingoni. Jicho la kushoto lilikufa. Sikio likabaki kipande. Ngozi ilipopona ikajikaza, ikauvuta mdomo upande mmoja, ndiyo maana mnanisikia natamka maneno mengine vibaya. Manesi walinitunza vizuri mno, Mungu awakumbuke.

Emanueli alikuja na mama yake. Alileta machungwa. Alinisalimia, akauliza hali, akatazama ukuta, akatazama machungwa, akatazama ukuta tena. Mimi nilimtazama yeye wakati wote. Mama yake alilia. Waliondoka, na baada ya muda wazee wa upande wao wakaja Tlawi kwa baba, wakaongea kwa upole, kwa mzunguko, kama wazee wanavyoongea jambo gumu. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimewaelewa. Lakini mwanangu si mbuzi wa kurudishwa mnadani. Nendeni kwa amani, na msije tena." Baada ya hapo alienda shambani na hakurudi mpaka jioni. Emanueli ameoa, ana watoto. Simchukii. Namwombea heri, na leo naweza kusema hivyo bila kumeza mate.

Nikarudi nyumbani, na hapa ndipo gereza langu lilipoanza. Mlidhani gereza lilikuwa hospitalini? Hapana! Hospitalini kila mtu ana kidonda.

Nilichukua kitenge cha mama nikajifunga kichwani mpaka chini ya jicho la kulia, nikaacha tundu la kuonea. Nilikivaa nikiamka, nikilala nilikiweka karibu. Mgeni akibisha hodi, mimi niko nyuma ya zizi. Siku moja nilienda kuchota maji mapema, upepo ukakipeperusha, mtoto wa jirani akaniona. Alilia akakimbia akaacha ndoo yake. Sikwenda tena bombani. Nilikula peke yangu, nimegeukia ukuta, kwa sababu uji ulikuwa unanitoka pembeni mwa mdomo na sikutaka mama aone. Mama aliona. Kila jioni alinipaka samli kwenye makovu, maana baridi ya kwetu Tlawi mnaijua, ukungu ukishuka kovu linakaza kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juani. Alinipaka kimya kimya huku amefumba macho. Nilifikiri amefumba asinione. Kumbe alikuwa anaomba!

Kanisani sikwenda. Wimbo ulinitoka kabisa. Mchungaji alikuja, akina mama wa maombi walikuja, wakaimba uani, nami nikaziba sikio lililobaki. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayarudia mbele ya watoto hawa. Nilimuuliza jicho moja alinibakizia la nini, nione jinsi watu wanavyonikimbia? Nilitamani kulala nisiamke. Nasema hivi kwa sababu najua katika benchi hizi yupo mtu ametamani hivyo wiki hii. Ndugu yangu, nakujua. Usiende nyumbani leo kabla hatujaongea.

Mvua zilikuja zikaenda, zikaja tena. Watu walianza kunisahau, nami ndicho nilichokitaka.

Kisha Mama Zuhura akaja. Alipanda basi mpaka Mbulu mjini, akachukua bodaboda akapanda nayo milima yetu yote, mwili mzima umejaa vumbi jekundu. Nilisikia sauti yake uani nikakimbilia nyuma ya zizi kama kawaida. Akanifuata. Akakaa juu ya gogo, mimi nimempa mgongo.

"Shikamoo, mama," nikasema, maana heshima ni heshima hata ukiwa umejificha.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukusumbua. Kuna mwingine ameungua."

Akanieleza. Alikuwa anaitwa Petro, mtu wa Basotu, mwenye mke na watoto wadogo. Pipa lilipasuka, kostiki ikamfika usoni na mikono yote miwili. Bomba lilikuwa bado kavu. Mama Zuhura alikuwa amemmwagia maji vilevile, madumu yake yote. Macho yalipona. Lakini sasa yuko wodini, amegeukia ukuta, hataki kula, hataki mke wake aingie. Anasema wamwambie mke wake aolewe na mwingine, yeye ni mzoga.

"Nimekwenda kumwona," Mama Zuhura akasema. "Nimemsihi. Wewe unanijua, mimi najua kumwaga maji. Kazi yangu imeishia hapo. Kinachotakiwa sasa mimi sina. Wewe unacho."

"Mimi nina nini, mama?"

Akasema, "Una huo uso."

Ndugu zangu, nilikasirika! Nilimwambia ameniita kioja, anataka kunipeleka kuonyeshwa watu kama mnyama wa maonyesho. Nilimwambia aende. Hakujitetea. Alisema gari lake la kurudi ni kesho, atalala kwetu kama mama atampa mahali, na akaingia jikoni kumsaidia mama kumenya viazi.

Nikashuka mpaka shamba la vitunguu swaumu. Nilikuwa peke yangu na ukungu. Nikaanza kugombana na Bwana, kwa sauti, kama mtu anavyogombana na ndugu yake. Nikamwambia, kwa nini mimi? Nikamwambia, kama ulitaka nimsaidie mtu ungeniponya kwanza, ungenirudishia uso, ningekwenda na uso mzuri. Ndipo likanijia moyoni jambo ambalo nimelisikia tangu Sunday school na halijawahi kunigusa: kwamba Bwana wetu alipofufuka, alifufuka na makovu yake. Baba yake angeweza kuyafuta. Hakuyafuta! Na rafiki yake aliposhindwa kuamini, hakumhubiria. Alimwonyesha makovu.

Nililia pale mpaka nikakaa chini kwenye matope. Sikusikia sauti kutoka mbinguni, sitawadanganya. Niliogopa vilevile. Lakini niliporudi nyumbani nilimwambia mama anitafutie nguo safi ya safari.

Tulisafiri na Mama Zuhura. Njiani nilijifunga kitenge changu mpaka machoni, na kwenye basi nilikaa dirishani nikaegemeza upande mbaya kwenye kioo. Tulipofika hospitali, nje ya wodi ya wanaume alikuwa amekaa dada mmoja mwembamba na chupa ya uji. Alikuwa Veronika, mke wa Petro. Kila siku alikuja na uji na kila siku aliurudisha. Mama Zuhura akabaki naye, akaniambia, "Nenda."

Petro alikuwa kitanda cha mwisho, amegeukia ukuta, mikono imefungwa bandeji mpaka viwiko. Nikavuta kiti.

"Habari yako, kaka."

"Nani?"

"Mtu wa kiwandani. Nilikuwa kwenye mapipa kabla yako."

"Ondoka."

Sikuondoka. Miguu ilitaka kuondoka, lakini sikuondoka. Nikafungua kitenge. Fundo likanishinda, nikalivuta kwa nguvu. Nikasema, "Geuka uniangalie. Ukishaniangalia nitaondoka."

Kisha akageuka, polepole, maana shingo yake ilikuwa haijapona. Uso wake ulikuwa bado mbichi. Akaniangalia. Hakutazama ukuta, hakutazama kiti. Aliangalia jicho lililokufa, akaangalia mdomo, akaangalia shingo, akarudi kwenye jicho zima.

"Bado inauma?" akauliza.

"Wakati wa baridi. Siku nyingine inawasha tu."

"Unakula?"

"Nakula. Kwa upande huu. Mwanzoni unamwaga, baadaye unajua namna."

Halafu akauliza lile swali ambalo nilikuwa naliogopa njia nzima. "Watu wanakuangaliaje?"

Ningeweza kumdanganya, ndugu zangu. Ningeweza kumwambia wanazoea, usijali. Lakini mbele ya mtu aliyeungua huwezi kudanganya. Nikamwambia, "Sijui. Sijawahi kuwapa nafasi. Wewe ndiye wa kwanza."

Machozi yakamtoka, na kwa kuwa mikono ilikuwa imefungwa, hakuweza kuyafuta. Nikamfuta mimi. Akasema, "Basi mimi nakuangalia, dada. Na sioni kitu cha kukimbia."

Mimi nilitumwa kumfungua mtu, na huyo mtu aliyefungwa mikono ndiye aliyenifungua mimi! Bwana anafanya kazi namna gani? Nani amfundishe?

Baada ya muda alisema, "Mwite Veronika." Nikatoka nikamwita. Aliingia na ile chupa ya uji akiwa ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka sadaka. Alisimama mlangoni. Petro akasema, "Njoo. Ni mimi." Akaja, akakaa kwenye kile kiti changu, akamnywesha kijiko kwa kijiko, na uji ulipomwagika kidevuni akaupangusa kwa kidole, kama anavyowapangusa watoto wao.

Mimi nikatoka. Nilivuka wodi nzima, nikapita manesi, nikapita watu waliopanga foleni ya dawa, nikafika nje kwenye jua, na ndipo nikahisi upepo kwenye shavu. Nikaweka mkono. Kitenge sikuwa nacho! Nilikuwa nimekiacha juu ya kitanda cha Petro, nimepita katikati ya watu wote wale na uso wangu wazi. Mama mmoja kwenye foleni alinishangaa, ndiyo. Nikamwambia, "Shikamoo, mama." Akasema, "Marahaba, mwanangu, pole sana." Akanisogezea nafasi kwenye benchi. Ni hivyo tu! Miaka yote ile nilikuwa naogopa kitu ambacho dawa yake ilikuwa salamu.

Siku ile nilifunguliwa. Jicho halikurudi na mdomo haukunyooka, lakini nilikuwa huru. Jumapili iliyofuata niliingia kanisani kwetu Tlawi, nikakaa benchi la pili. Nikaimba, vibaya, lakini niliimba, na mama yangu alishindwa kuimba siku hiyo.

Petro alipopata nguvu tulirudi kiwandani pamoja, yeye, mimi, yule mzee wa buti, na Mama Zuhura ambaye hakuna aliyemwalika. Tulikuwa tumekwenda kwanza kwa afisa kazi, akaja nasi. Meneja alitukaribisha vizuri lakini alikuwa anaongea na meza. Nikamwambia, "Bosi, shikamoo. Nakuomba uniangalie." Akainua macho. Nikamwambia, "Hatukuja kugombana. Tunaomba maji. Maji yawepo pale kwenye matangi, kila siku, hata pampu ikifa. Na kila mtu awe na miwani yake na glavu nzima. Mama huyu ana genge, hawezi kuwa hospitali yenu."

Haikuwa rahisi. Tulirudi mara nyingi. Mmoja wa wenzetu aliyetuunga mkono aliachishwa kazi, na hilo bado linaniuma. Lakini leo pale juu ya matangi kuna simtanki kubwa, na chini yake bomba la kuoga ambalo ukivuta mnyororo maji yanakushukia kama mvua. Na si muda mrefu uliopita binti mmoja, mgeni kazini, alimwagikiwa usoni. Wenzake walimsukuma chini ya maji yale wakamshikilia. Alirudi kwao na macho yake mawili na shavu jekundu la siku chache. Mimi simjui. Hajui jina langu. Niliposikia nilipiga magoti jikoni kwetu, ugali ukaungua, sikujali!

Ndugu zangu, sitaki mwende nyumbani mkisema kila kitu kimekaa sawa. Vidole vya Petro havikunjuki vyote. Mimi baridi bado inanitesa. Kuna siku naamka na huzuni, naipokea kama mgeni, kisha naenda palizi. Nasema tu kwamba Bwana niliyemtukana shambani hakunikimbia. Alinijia kwa maji ya masufuria, kwa samli ya mama yangu, kwa mwanamke wa dini nyingine aliyekataa kuniacha, kwa mtu aliyelala kitandani asiyeweza kujifuta machozi. Mtegemeeni! Wewe unayesema Mungu akuponye kwanza ndipo usimame, simama hivyo hivyo. Mjaribu. Mimi nimemjaribu nikiwa sina kitu cha kumpa ila uso ulioharibika, akaupokea, akautumia.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Namshukuru Mama Zuhura. Nawashukuru wazazi wangu.

Na sasa, kabla sijashuka, naomba jambo moja. Saa hii, sisi tukiwa hapa na nguo za Jumapili, kuna zamu iko kazini kule bondeni. Wapo watu wameshika mpira, mwingine ana mkono kwenye koki. Wana mama zao, wana wachumba, wana watoto. Tusimame tuwaombee wote wafike jioni.

Baba uliye mbinguni.